Alisifiwa kwa kusafisha mafaili elfu tatu, sasa anayarudisha moja moja

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Mlinzi bado anahangaika na kufuli la mlango wa mbele, na tayari Fagio amesimama kwenye ngazi za nje, mkoba begani, midomo ikicheza bila sauti kama mtu anayekariri somo.

"Hata salamu hujanipa, umeshaanza kuhesabu," mlinzi anamtania. "Leo mangapi?"

"Nisamehe mzee wangu, umeamkaje? Leo manane. Yakinihurumia, tisa."

Anaingia. Kulia kwake kuna meza ya mapokezi, ndefu, ya mbao iliyopauka, yenye simu ya vitufe vingi na kiti kilichovalishwa sweta la kijani mgongoni. Mwenye sweta hajafika. Hufika saa mbili kamili. Fagio anaipita meza ile haraka, macho sakafuni, na hagusi lifti ingawa inafanya kazi. Anapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Huko juu anawasha taa moja tu, ile ya juu ya meza yake, anawasha kompyuta na kufungua faili la kwanza. Kisha anaanza kazi ambayo ukimtazama kwa mbali utadhani hafanyi kitu. Anagonga kitufe cha kufuta mara nne, anagonga kitufe kingine mara moja, anashuka mstari. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Anafanya vile vile kwenye mstari unaofuata, na bado hakuna kilichobadilika. Ataendelea hivyo kwa saa moja na robo, mpaka wenzake waanze kuingia.

"Kusafisha nililipwa," anasema bila kutoa macho kwenye skrini. "Huku kurudisha silipwi. Na ni halali yangu nisilipwe."

Ana miaka thelathini na minane, baba wa watoto wawili. Fagio si jina lake. Ni jina alilobandikwa na wenzake, na limemganda mpaka kwenye orodha ya simu za ofisi, ambako liko katikati ya majina ya kistaarabu ya watu wengine kama ndala kwenye kabati la viatu vya harusi.

Ofisi yao hutunza programu moja kubwa ya kompyuta. Hospitali na zahanati kadhaa huitumia kupanga miadi ya wagonjwa na kujua dawa gani zimebaki stoo. Programu hiyo ina miaka kumi na tisa. Imeandikwa na watu wasiopungua arobaini, wengine wameshahama, wengine wameshastaafu, na kila mmoja aliandika kwa mkono wake na tabia zake.

Fagio ndiye aliyepewa kazi ya kuzisafisha tabia hizo.

Kwa asiyejua mambo haya, programu huandikwa kwa mistari, kama barua. Mistari mingine huanza ukingoni kabisa, mingine husogezwa ndani ili msomaji aone kipi kimo ndani ya kipi. Kusogeza huko kuna njia mbili. Unaweza kugonga kitufe cha nafasi mara nne, au ukagonga mara moja kitufe cha tabo, kinachoruka hatua nzima kwa mpigo. Ukitazama kwa macho, matokeo ni yale yale. Wanaoandika programu wanaweza kugombana siku nzima kuhusu njia ipi ni bora, na Fagio anakiri kuwa ugomvi huo aliupenda.

"Mafaili yetu yalikuwa vurugu," anasema. "Huyu ametumia tabo, yule nafasi, mwingine kachanganya vyote kwenye mstari mmoja. Wengine wanaacha nafasi tupu mwisho wa mstari, kama mtu anayeinuka mezani bila kurudisha kiti. Mimi vitu hivyo vilikuwa vinaniwasha."

Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno yake, akisikia hayo hucheka kwa uchungu. "Vinamwasha kazini," anasema. "Nyumbani hata soksi zake hazijui kapu lilipo."

Mama mkwe wake naye aliwahi kumuuliza, mbele ya ukoo mzima, kazi yake hasa ni ipi. Fagio akaeleza weee, mpaka jasho likamtoka. Mama akasikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo baba, unafuta pale ambapo hapajaandikwa kitu, na mwisho wa mwezi wanakupa mshahara?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Basi usimwambie mtu mwingine."

Miaka sita iliyopita, bosi wa wakati ule, ambaye sasa hayupo tena pale, alitoa amri kwamba mafaili yote yawe na sura moja. Tabo ziondoke, zije nafasi nne nne. Mikia mitupu mwisho wa mistari ikatwe. Palipo na mistari mitupu miwili au mitatu mfululizo, ubaki mmoja. Fagio akaandika programu ndogo ya kuifanya kazi hiyo, akaijaribu kwa wiki mbili, na Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana akaiachia.

Mafaili elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Ilichukua dakika kumi na moja. Juu ya kila faili, kwa utaratibu wa ofisi, ukabaki mstari mmoja wa kumbukumbu: limesafishwa, tarehe, na jina lake kamili.

Alipigiwa makofi. Mwisho wa mwaka akapewa cheti cha mfanyakazi bora, chenye mhuri na utepe, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Anakumbuka alivyokirudia kukitazama siku ile, akakinyoosha mara mbili ingawa hakikuwa kimepinda.

"Nilijiona nimepatia," anasema.

Meza ya pili kutoka kwake, dirishani, alikuwa anakaa mwanamke ambaye ofisi nzima humwita Dada Nukta.

Dada Nukta haoni tangu akiwa na miaka minne. Jina lake la utani linatokana na nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Ndiye mmoja wa watu watatu walioianza programu hiyo miaka kumi na tisa iliyopita, na sehemu yote ya stoo ya dawa aliiandika yeye, mstari kwa mstari. Chini ya kibodi yake alikuwa na kibao chembamba, urefu wake kama rula, chenye vijidirisha arobaini. Kila kijidirisha huinua vinundu vya herufi moja. Vidole vinapita juu yake, vinasoma, kibao kinageuka kwa kuinua vinundu vya maneno yanayofuata, vidole vinasoma tena.

Fagio alipoajiriwa, akiwa na miaka ishirini na minne na maringo ya kutosha, ni Dada Nukta aliyemfundisha kazi. Alimfundisha kusoma programu ya mtu mwingine bila kumtukana. Alimfundisha kuandika maelezo mafupi. Alikuwa anamsikia akigonga kibodi na kujua amekosea kabla yeye mwenyewe hajajua.

"Alikuwa ananiambia, 'Mdogo wangu, leo unagonga sana kitufe cha kufuta, umegombana na mkeo?'" anasimulia Fagio, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Na kweli nilikuwa nimegombana naye."

Jumatatu baada ya ile Ijumaa, Dada Nukta alifika kazini kama kawaida, akavua sweta lake la kijani, akaweka vidole kwenye kibao. Fagio anakumbuka kwamba aliviondoa, akavifuta kwenye sketi, akaviweka tena.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye kibao kile, tabo moja hula kijidirisha kimoja. Nafasi nne hula vinne. Mstari uliosogezwa ndani hatua nne ulikuwa unachukua vijidirisha vinne kabla ya neno la kwanza. Sasa ulichukua kumi na sita. Mistari ya ndani zaidi ilimaliza zaidi ya nusu ya kibao kwa utupu, na maneno yakasukumwa nje, ikabidi ageuze kibao mara mbili au tatu ili kumaliza mstari mmoja. Akijaribu kusikiliza badala yake kwa sauti ya kompyuta masikioni, alisikia: nafasi, nafasi, nafasi, nafasi.

Watu wanaoona hawakugundua chochote. Kwao mafaili yalikuwa yamependeza.

Dada Nukta alipeleka malalamiko kwa bosi. Akaambiwa avumilie, atazoea. Siku hizi kuna njia za kuipanga kompyuta imtafsirie mtu anavyotaka, na huenda hata wakati ule zilikuwepo; Fagio anasema kama mtu mmoja angekaa na Dada Nukta nusu siku, wangepata suluhu. Hakuna aliyekaa.

Kabla ya hapo Dada Nukta alikuwa anakamilisha kazi kama ishirini kwa mwezi. Zikashuka zikawa tisa, kisha sita. Alikuja mapema, akaondoka wa mwisho. Alikuwa mchangamfu, akawa hatii neno.

Mwezi wa saba tangu ile Ijumaa kikaitishwa kikao. Bosi, maofisa wawili wa utumishi, na Fagio, kwa kuwa alikaa karibu na Dada Nukta. Wakamuuliza: wewe umeona nini?

Anapofika hapo, Fagio anaacha kugonga vitufe. Anaitazama mikono yake.

"Nilisema labda amechoka," anasema. "Maneno hayo tu. Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani namtetea, kwamba si uvivu. Nikasema, labda dada amechoka."

Wiki mbili baadaye Dada Nukta alihamishiwa mapokezi, ghorofa ya chini, kupokea simu. Mshahara ulibaki ule ule, waliona wamemfanyia wema. Akakunja waya wa kibao chake, akauweka kwenye mkoba, akaomba asishikwe mkono kwenye ngazi.

Fagio hakuunganisha mambo hayo mawili. Hilo ndilo linalomkera kuliko yote. Kwa miaka zaidi ya minne alipita mbele ya meza ya mapokezi kila asubuhi, wakasalimiana vizuri, Dada Nukta akimtambua kwa hatua zake na kumuuliza hali ya watoto. Fagio hakuwa na hili wala lile. Cheti kilikuwa ukutani.

Mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, kompyuta ya mapokezi iligoma, na Fagio akatumwa kuitazama kwa kuwa hakuwa na kazi ya haraka. Ilikuwa saa ya chakula. Dada Nukta alikuwa ametoa kibao chake kwenye droo, amekiunganisha na kompyuta yake ndogo ya mkononi, na vidole vinakimbia.

"Unasoma nini, dada?"

"Stoo ya dawa. Nina nakala yangu ya zamani. Kuna watu hufuma vitambaa, mimi nasoma stoo ya dawa."

Akamwambia aweke kidole chake. Fagio akaweka, akahisi vinundu vikipanda na kushuka. Kisha, kwa mzaha tu, akamfungulia faili lile lile jinsi lilivyo sasa, kutoka ghorofa ya tatu, ili aone lilivyokua. Dada Nukta akaweka vidole.

"Tupu," alisema. "Tupu. Tupu. Tupu." Akaendelea kutaja hivyo, taratibu, kijidirisha baada ya kijidirisha, mpaka kumi na sita. "Hapa ndiyo neno linaanza. Sasa geuza."

Kwenye mstari ule alitambua kazi ya mikono yake. Dada Nukta hakusema lingine, alikaa tu ameuelekeza uso wake kwake, kama anayesubiri. Fagio akamaliza kutengeneza kompyuta, akasema haya dada, siku njema, akaondoka.

Jioni alikishusha cheti. Ukuta ulikuwa umefifia pande zote isipokuwa pale kilipokuwa, ukabaki mraba wa rangi mpya. Mkewe, bila kuuliza, akatundika saa ya ukutani hapo. Saa ni ya mviringo, na pembe nne za ule mraba zinaonekana mpaka leo.

Kuanzia wiki iliyofuata akaanza kuyarudisha.

Yeyote anayejua kazi hii angeuliza kwa nini asitumie programu ndogo kama ile ya kwanza, amalize kwa dakika kumi na moja. Fagio alijaribu. Lakini miaka imepita, na watu wengine wameandika juu ya mistari ile. Kuna mahali nafasi nne si kusogeza, ni sehemu ya karatasi anayopewa mgonjwa, na ukizigeuza jina la dawa linahamia kwenye safu ya kipimo. Kompyuta haiwezi kutofautisha. Inahitaji jicho, faili kwa faili, na kila moja lijaribiwe kabla ya kurudishwa kazini.

Mkuu wa idara wa sasa, mwanamke mkavu anayependa tarakimu, alimkubalia kwa sharti moja: afanye nje ya saa za kazi, asivunje kitu.

"Alinieleza sababu, nikaielewa," mkuu huyo alimwambia mwandishi wa makala haya. "Nikamwambia siku ukimaliza, yule mama tutampandisha juu kwa majaribio ya miezi mitatu. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo. Amebakiza miaka miwili kustaafu."

Hivyo basi, mafaili manane kwa siku, siku tano kwa wiki. Mpaka wiki iliyopita alikuwa amerudisha elfu mbili na mia saba. Yalibaki mia nne na kumi na mbili, kazi ya wiki kumi.

Na katika muda huo wote hakumwambia Dada Nukta neno. Alitaka kwanza amalize, ashuke na kazi iliyokamilika mkononi, aseme nilikosea na hii hapa nimerekebisha. Alipokubali kuhojiwa, alimwomba mwandishi jambo moja: habari hii isichapwe kabla hajazungumza naye. Ndipo ikaonekana, kwa kuliomba tu, kwamba hawezi tena kusubiri wiki kumi.

"Atasomewa gazetini na mtu mwingine?" alisema. "Hapana. Hilo litakuwa kosa la tatu."

Alhamisi, saa nne na nusu, wakati ambao simu hupungua, Fagio alipiga moyo konde akashuka. Mwandishi alikaa pembeni, kwenye benchi la wageni; Dada Nukta alikuwa ameshaambiwa kuwa yupo, na aliruhusu aandike.

"Leo unashuka ngazi kama umebeba kabati," alisema Dada Nukta kabla Fagio hajafika mezani. "Kulikoni?"

"Dada, yale mafaili. Tabo zote zilizoondoka. Ni mimi niliyeziondoa."

"Najua."

Fagio akaanza kueleza, Dada Nukta akamkatisha.

"Faili huanzia wapi, mdogo wangu?"

"Juu."

"Na juu kabisa kuna nini?"

Ule mstari wa kumbukumbu, limesafishwa, tarehe, jina lake kamili. Wanaoona huuruka bila hata kujua wameuruka. Anayesoma kwa vidole huanza nao.

"Ile Jumatatu nililigusa jina lako kabla ya kitu kingine chochote," alisema Dada Nukta. Sauti yake haikuwa kali. "Na kila faili nililofungua baada ya hapo. Miezi saba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa meza ya pili kutoka kwangu. Nilisema, huyu nimemfundisha mwenyewe, ataniona nahangaika, atauliza. Ukanyamaza. Halafu ile siku kompyuta ilipogoma, ulipoweka kidole chako hapa, nikasema leo ndiyo leo. Nikanyamaza makusudi. Ukaniambia siku njema."

Fagio angeweza kuishia hapo. Lililokuwa likijulikana limejulikana, na kutokana na uso wa Dada Nukta, huenda lingesamehewa siku ile ile. Mwandishi alimwona akiushika ukingo wa meza.

"Kuna lingine," alisema. "Kwenye kile kikao cha kukuhamisha, waliniita. Wakaniuliza nimeona nini. Nikawaambia labda umechoka."

Dada Nukta alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu. Akakiacha.

"Hilo sikulijua," alisema.

Simu ikaita. Akaipokea kwa sauti safi, akasalimia, akasikiliza, akabonyeza vitufe viwili bila kuvitafuta, akamuunganisha mtu na ghorofa ya pili. Akarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Nimechoka," alirudia taratibu. "Nilikuwa nafika nyumbani vidole vinawaka moto, navitia kwenye maji baridi. Mwanangu ananiuliza mama una nini, namwambia sijui, nadhani akili yangu imeanza kuzeeka. Nilidhani ni mimi, unaelewa? Najua umegeuza mafaili, lakini nilidhani wengine wote wameweza isipokuwa mimi. Nilikuwa nimechoka kweli, mdogo wangu. Ila si kama ulivyowaambia."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia. Siwezi kukwambia nimekusamehe. Leo hapana."

Fagio akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba kichwa hakisikiki, akasema sawa dada. Akageuka kuondoka. Alifika kwenye ngazi ya kwanza, akasimama, akarudi.

"Dada, ninayarudisha. Nimesharudisha elfu mbili na mia saba, yamebaki mia nne na kidogo. Hayo yaliyobaki, unataka niyapange vipi?"

Mlinzi mlangoni aligeuka kutazama.

"Miaka kumi na tisa nimo kwenye jengo hili," alisema Dada Nukta, "na leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa swali hilo." Akafungua droo, akatoa kibao. "Vuta kiti. Niletee moja ulilolimaliza."

Fagio akaleta faili la stoo ya dawa, lile alilolirudisha kwa uangalifu kuliko yote. Vidole vikaingia kazini. Kwa mistari kumi au kumi na mitano vilikwenda bila kusita, na uso wa Dada Nukta ukalegea, akaonekana kijana zaidi.

Kisha vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda mbele, vikarudi tena.

"Mistari mitupu iko wapi?"

"Ipi, dada?"

"Nilikuwa naacha mistari mitupu. Mmoja, maana yake kipande kidogo kimeisha. Miwili, kipande kikubwa kimeisha. Ndivyo vidole vyangu vilivyokuwa vinajua viko wapi, kama wewe unavyotazama ukurasa ukaona aya. Hapa kila mahali ni mmoja. Sijui niko chumba gani."

Fagio akaipata picha yote kwa mpigo. Ile Ijumaa alipunguza mistari mitupu yote ikabaki mmoja mmoja. Na katika mwaka mzima na miezi minne ya kurudisha, asubuhi baada ya asubuhi, kwa siri na kwa toba, hakuirudisha hata mmoja, kwa sababu hakujua ilikuwa na kazi. Alikuwa hajauliza.

"Na mitatu?" aliuliza. "Kuna mahali ilikuwa mitatu. Nakumbuka niliiona."

"Mitatu," alisema Dada Nukta, "maana yake hapa pana hatari, usiguse bila kuniuliza."

Mwandishi alitazama pembeni. Fagio alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na haikujulikana mara moja kama analia au anacheka. Dada Nukta alisikiliza kwa muda, kichwa kimeinama, kisha naye akacheka kidogo, kicheko kikavu, cha mtu ambaye hakupanga kucheka.

"Mpumbavu wewe," alisema. "Ungekuja mwaka jana tungekuwa tumemaliza."

Mistari ile mitupu haiwezi kurudishwa na mtu mwingine. Ile nakala yake ya zamani ni ya stoo ya dawa tu, na ofisi haikuhifadhi nyingine. Kwa mafaili mengine, mahali ilipokuwa anapakumbuka Dada Nukta peke yake, na palipoandikwa upya baada yake ni yeye atakayeamua kipande kinaishia wapi. Siku ile ile Fagio alikwenda kwa mkuu wa idara na kumweleza kwamba kazi aliyodhani imebakiza wiki kumi haijaanza. Mkuu akatazama tarakimu zake, akapumua, akaruhusu kiti cha pili kwenye meza ya Fagio kuanzia saa moja asubuhi, kila siku, kabla ya simu kufunguliwa. Wataanza na mafaili ya stoo ya dawa. Hayo yakikamilika, majaribio yake ya miezi mitatu yataanza, mengine yatafuata nyuma.

Dada Nukta mwenyewe anaweka mambo wazi. "Sijasema narudi. Nimesema nitamwonyesha mistari ilipokuwa," alimwambia mwandishi. "Miaka mitano siwezi kurudishiwa na mtu. Nikifika huko juu nikaona bado naweza, tutajua."

Fagio hana matumaini makubwa ya kujisifia. Anataka wamalize stoo ya dawa kabla ya mwaka kwisha. Anataka ule mstari wenye jina lake ubaki juu ya kila faili, lakini chini yake uongezwe wa pili, unaosema nani ameulizwa. Na kile cheti, kilichoko uvunguni mwa kitanda, anasema hakitundiki tena. Mkewe ameshapata saa ya mraba.

Ijumaa, saa moja kasoro dakika tano, mlinzi alikuwa anahangaika na kufuli lile lile.

"Enhe," alimwambia Fagio. "Yamebaki mangapi sasa?"

Fagio akasogea kando.

"Yote," alijibu Dada Nukta nyuma yake, akikunja fimbo yake nyeupe, na akatangulia kwenye ngazi.